Idi ukiwa Uingereza: ya kupanga kabla mwezi haujaandama

Uingereza, misikiti miwili ya mtaa mmoja inaweza kusali Idi siku mbili tofauti: mmoja unafuata tangazo la Saudia, wa pili unangoja mwezi uonekane kwingine. Chagua msikiti tangu mwanzo wa Ramadhani, ufunge nao na ufungue nao.

Kazini, omba ruhusa mwezi mmoja kabla, ukitaja siku zote mbili zinazowezekana, yaani iwapo mfungo utakuwa wa 29 au wa 30. Kumwambia bosi usiku wa mwezi kwamba kesho huji ni kutafuta ugomvi. Shuleni nako peleka barua mapema; mtoto huruhusiwa kukosa siku ya sikukuu ya dini yake.

Fitri, yaani zaka ya kumaliza Ramadhani, ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, kama kilo 2.5 hadi 3 za mchele. Ukituma pesa nyumbani, zifike siku kadhaa kabla, maana Afrika Mashariki iko mbele kwa saa mbili au tatu na sala yao hutangulia. Mchele ukigawiwa baada ya sala, hiyo ni sadaka tu.

Kwenye sala yenyewe ndiko wengi wa pwani hukwama. Tumezoea takbira saba rakaa ya kwanza na tano ya pili, zote kabla ya kusoma. Misikiti mingi ya Wapakistani na Waturuki ni ya madhehebu ya Kihanafi: takbira za ziada ni tatu kila rakaa, na za rakaa ya pili huja baada ya kusoma. Imamu akimaliza sura na kuleta takbira, usiiname. Ya nne ndiyo ya kurukuu.

Mahamri yakandwe usiku. Unga wa ngano gramu 500, sukari 100, hamira ya chenga gramu 7, iliki nusu kijiko cha chai, na tui kama mililita 270, ukilitia kidogo kidogo. Unga uwe mtupu. Ule uliotiwa beking pauda kiwandani huharibu mahamri, yakanywa mafuta. Tui la kopo hugandia juu wakati wa baridi, basi lipashe hadi liwe vuguvugu na ulikoroge. Likiwa la moto huua hamira. Likiwa baridi unga haufuri hadi alfajiri. Jiko la nyumba yenye baridi lina dawa yake: weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, na chini yake sufuria ya maji ya moto. Saa moja na nusu hutosha.

Wakati wa kukaanga fungua dirisha, funga mlango wa jikoni, na usiache mafuta yafuke moshi. King'ora cha moshi hakijui sikukuu, na kwenye majengo ya ghorofa huweza kuwatoa majirani wote nje.