Unavuta karavani? Ifunge hata mkisimama kunywa chai

Kwa ndugu zangu mlioko Uingereza mnaosafiri likizo na karavani, yaani tela la kulala linalovutwa na gari: msingoje kufika kambini ndipo mfikirie wezi. Kwenye vituo vya mapumziko vya barabara kuu familia nzima hushuka kwenda msalani, na tela linabaki peke yake. Mwizi hahitaji gari lako. Anainua mkono wa kiungio kinachoshika tela kwenye gari, anachomoa waya wa taa, analifunga kwenye gari lake na kuondoka.

Kwa hiyo nunua kufuli la kiungio, lakini uliza kwanza dukani: linafungika tela likiwa bado limeunganishwa na gari? Mengine hufungika tela likiwa limeachanishwa tu, na hayo njiani hayakufai kitu. Mkilala mahali, ongeza kufuli la gurudumu, lile linalopita kwenye rimu na kukazwa kwenye chasisi. Asubuhi litoe kabla ya kuwasha gari, tafadhali sana.

Namba ya chasisi ina tarakimu na herufi 17. Kwa karavani zilizosajiliwa CRiS, mfumo wa Uingereza wa kusajili karavani, huwa imechorwa kwenye vioo vya madirisha. Ipige picha, uihifadhi kwenye simu. Karavani ikiibiwa, polisi watakuuliza hiyo. Kadi ya usajili isikae ndani ya karavani, maana atakayeiba tela ataondoka na karatasi za kuliuzia. Pasipoti nazo shuka nazo, hata kama unakwenda msalani tu.