SOMO: Kufuatilia kiota cha kozi Arabuko-Sokoke bila kumfukuza mwenyewe

Haya ndugu zangu wa Malindi na Watamu, leo ni kozi wa msituni, ndege mwindaji, yule mwenye mgongo wa kijivu na kifua cha mistari. Ruhusa kwanza, ule msitu wa Arabuko-Sokoke una wenyewe, pitia ofisi ya misitu pale Gede.

1. Ingia alfajiri. Kukipambazuka kozi anazunguka juu kabisa akilia "wit!", kimya sekunde mbili tatu, "wit!" tena. Ukimsikia palepale asubuhi kadhaa, hapo ana makao.

2. Tafuta miti mirefu yenye kivuli kizito na panda nene za kubebea kiota, ndo maana mibambakofi ikikatwa usiku kwa ajili ya mbao mi naumia, panda kama ile haioti kesho. Angalia na chini: mavi meupe kwenye majani, manyoya ya videge yamenyofolewa juu ya gogo. Kiota chenye majani mabichi kinatumika, kikiwa vijiti vikavu vitupu bado usikihesabu.

3. Ukishakiona rudi nyuma, tumia darubini. Mama analalia kama wiki tano, baba analeta chakula, sasa ukimtimua mama mayai yanapoa na kima nao hawako mbali.

4. Andika ulikikuta katika hali gani: kinajengwa, kina mayai au kina makinda. Hapa ndo hesabu za watu zinaharibika. Kiota ulichokikuta na makinda makubwa kimeshavuka hatari nyingi, vile vilivyokufa mapema hukuviona kabisa, ukivichanganya vyote utasema kozi wanazaa vizuri kumbe wapi. Asilimia ya viota vilivyofaulu toa kwa vile ulivyoviona tangu mwanzo, na kilichokufa kiandike vilevile.

MASWALI

— Mwalimu, si nipande tu nihesabu mayai?
Usipande. Subiri makinda yasimame ukingoni, utayahesabu ukiwa chini.

— Yakitoka kiotani ndo yamefaulu?
Kwa hesabu ya kiota ndiyo, ila bado yatakaa matawi ya jirani yakililia chakula wiki kadhaa, kwa hiyo usiache kwenda.

— Huku kwetu Mida kozi anatumalizia vifaranga vya kuku, tumfanyeje?
Mtazame mkia kwanza bwana, ukiwa na panda huyo ni mwewe. Kozi naye huiba mara moja moja. Vyovyote vile, vifaranga funika na tenga mpaka vikue.

— Naweza kuposti picha na lokesheni?
Picha sawa, lokesheni izime.