Jinsi ya kumpima mchezaji wa kikapu wa sekondari anayetafutwa na vyuo vya Marekani

Kijana anayefunga pointi 28 kila mechi sekondari anaweza kufika chuoni akakalia benchi msimu mzima, na mwenzake aliyekuwa akifunga 11 akaanza mechi tangu mwaka wa kwanza. Pointi 28 zile huenda zilipatikana kwa kuwazidi mbio na mabavu watoto wadogo kuliko yeye, na chuoni hatamkuta mtoto wa kumzidi. Wa pointi 11 alikuwa anakaba vizuri, anapasia kwa wakati na anatupa bila kujilazimisha, na vitu hivyo husafiri naye popote. Kazi ya msaka vipaji ni kutenga kitakachovuka na kitakachobaki nyuma.

Kabla ya kwenda uwanjani

Jua kwanza unamtafutia wapi. Divisheni I, ngazi ya juu ya NCAA (shirika kubwa linalosimamia michezo ya vyuo Marekani), si ligi moja: timu ya juu kabisa na timu ya mkiani zimeachana mbali mno. Divisheni II hutoa udhamini, mara nyingi nusunusu. Divisheni III haitoi udhamini wa michezo kabisa. Kuna pia NAIA, shirika jingine la michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili vilivyo chini ya shirika la NJCAA. Kwa hiyo swali la "huyu anaweza kucheza chuo?" halina jibu. Swali lenye jibu ni hili: atafanya kazi gani, katika ligi ipi, na kuanzia mwaka wa ngapi? Liandike juu ya daftari kabla hujawasha gari.

Swali hilo limekuwa gumu zaidi tangu NCAA ilipofungua mfumo wake wa uhamisho mwezi Oktoba 2018. Siku hizi kocha anaweza kumchukua kutoka chuo kingine mchezaji wa miaka 22 aliyeiva badala ya kumlea wa miaka 18. Ukimsifia kijana, jua unamweka kwenye mizani na wanaume waliokomaa, na sifa zako zipimwe hivyo.

Omba video za mechi nzima, zisizopungua 3: moja dhidi ya timu ngumu, moja ambayo timu yake ilifungwa, na moja ya timu ya klabu ya majira ya joto. Zile video za dakika 3 zenye muziki hazikuonyeshi mtupo uliokosa, pasi iliyoibwa wala mtu aliyempita. Zitumie kujua kama inafaa kuomba mechi nzima, basi.

Kama unafanya kazi ya chuo, angalia kalenda ya usajili ya NCAA kabla ya kupanga safari. Kipindi cha tathmini kinakuruhusu kumtazama lakini si kukutana naye uso kwa uso nje ya chuo, na katika kipindi cha marufuku huruhusiwi hata kwenda kumtazama. Ukikosea tarehe, anayeumia ni kijana pia.

Mwili

Fika dakika 45 kabla ya mechi. Wakati wa kupasha misuli moto utaona mengi ambayo mechi itayaficha: anaruka kwa mguu mmoja au miwili, leiapu (mtupo wa karibu na kikapu mtu akiwa mbioni) ya mkono wa kushoto inaingia au anaikwepa, anafanya mazoezi kwa makusudi au anapiga soga.

Usiamini kimo kilichoandikwa kwenye orodha ya timu. Viatu peke yake huongeza sentimita 2 hadi 3, na tamaa huongeza nyingine. Ukipata ruhusa, pima vitu vitatu bila viatu: kimo (visigino vikigusa ukuta), upana wa mikono (kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole), na mahali mkono unapofika ukinyooshwa juu huku nyayo zikiwa chini. Hicho cha tatu ndicho kinachozuia mitupo na kuchukua ribaundi, yaani mpira unaorudi mtupo ukikosa. Mwenye sentimita 196 na mikono mirefu anaweza kumkaba mtu ambaye mwenye sentimita 201 na mikono mifupi hamwezi.

Kisha uliza tarehe ya kuzaliwa, si darasa tu. Kuna vijana waliorudia mwaka, na wa miaka 19 anayetamba mbele ya wa miaka 16 bado hajathibitisha lolote. Uliza pia alikuwa na kimo gani mwaka jana, na wazazi wake wana kimo gani. Aliyerefuka sentimita 8 ndani ya mwaka atajikwaa kwa muda kwa sababu miguu imetangulia akili. Huyo msubiri. Anthony Davis, nyota wa NBA, alianza sekondari akiwa gadi (mchezaji anayeongoza mpira mbali na kikapu), akarefuka takriban sentimita 20 kabla ya kumaliza, na ule ustadi wa gadi ukabaki mikononi mwake. Kwa wasichana hesabu ni tofauti: wengi wao wakifika miaka 16 wamekaribia kimo chao cha mwisho, kwa hiyo usibashiri urefu ambao hautakuja.

Kuruka huwapumbaza watu. Mimi ningekuambia utazame anavyosimama. Kijana anapokimbia kasi kamili kisha akafunga breki kwa hatua mbili bila kiwiliwili kutupwa mbele, ana nyonga na vifundo vya kuchezea ngazi ya juu. Akihitaji hatua nne, mkabaji wa chuo atakuwa amemfikia. Tazama pia magoti anapotua: yakiingia ndani yakielekeana, andika, maana hiyo ni dalili ya hatari kwa kano za goti, hasa kwa wasichana. Inarekebishika kwa mazoezi, lakini kocha wa viungo anapaswa kuambiwa mapema.

Mtupo

Mstari wa pointi tatu wa sekondari uko mita 6.02 kutoka kwenye kikapu. Wa vyuo uko mita 6.75, kwa wanaume tangu msimu wa 2019–20 na kwa wanawake tangu 2021–22. Hizo sentimita 73 zimeua sifa za wengi. Kwa kila mtupo wa mbali andika miguu ilikuwa wapi: imegusa mstari, au iko hatua nzima nyuma. Andika pia kama alidaka na kutupa au alidunda kwanza, na kama mkabaji alikuwa umbali wa mkono.

Anayekosa nguvu hujionyesha mwenyewe. Mpira unashuka hadi kiunoni kabla ya kupanda, mgongo unapinda nyuma, na robo ya nne mitupo yote inagonga ukingo wa mbele. Hilo si baya kwa mwembamba wa miaka 16, nguvu zinakuja. Cha kutisha ni mitupo inayokosea kushoto na kulia, kwa sababu hapo kosa liko kwenye kiwiko au mkono elekezi (ule unaoshika mpira ubavuni), si kwenye misuli. Rekodi mitupo 10 kwa simu, kisha icheze polepole. Ikipita sekunde moja nzima tangu mpira uguse mikono hadi uondoke, chuoni atazuiwa.

Asilimia za pointi tatu zisikutie wazimu. Aliyepiga 40 akafunga 14 ana asilimia 35, lakini kwa mitupo michache hivyo uwezo wake halisi unaweza kuwa popote kati ya asilimia 20 na 50. Tazama mitupo huru, ile inayopigwa bila mkabaji kutoka mita 4.57. Kijana aliyepiga 100 akafunga 82 ana mkono mzuri hata kama mitupo yake ya mbali bado haiingii. Mwenye asilimia 55 kwenye mitupo huru na 41 kwenye pointi tatu amebahatika. Msubiri msimu ujao.

Mpira ukiwa mkononi, na usipokuwa

Kaa juu, kwenye kona, si katikati pamoja na makocha wengine. Kona inakuonyesha nafasi zinavyofunguka, na inakuepusha na maoni ya jirani. Maneno ya jukwaani huambukiza: mmoja akisema "huyu moto", watano wanaandika moto.

Robo ya kwanza usifuate mpira. Mfuate mtu wako peke yake kwa dakika zote 8. Hesabu mara ngapi amesimama akiangalia, mara ngapi amekata kuelekea kikapuni, mara ngapi ameweka skrini (kumzibia njia mkabaji wa mwenzake) kwa mwili wote badala ya kupita tu.

Baadaye fuata wakati mmoja: mkabaji wa pili anapokuja. Sekondari mchezaji bora hupita mtu mmoja akafunga. Chuoni akimpita wa kwanza, wa pili anakuwa amekwisha kusogea, na pasi ina kama nusu sekunde tu. Je, macho yake yameona mapema? Anayesoma mchezo hupasia mpira kabla mkabaji wa pili hajasimama sawa, tena kwenye mkono wa kutupia wa mwenzake. Asiyeusoma huinua mpira, husimama, hutafuta, kisha hupasia kwa mtu ambaye amekwisha kukabwa. Kwenye takwimu, zote mbili ni pasi tu. Kwenye daftari lako hao ni wachezaji wawili tofauti kabisa.

Kumbuka pia saa. Vyuo vinacheza kwa sekunde 30 kila shambulizi, na si majimbo yote yana saa hiyo sekondari. Gadi aliyezoea kudunda sekunde 20 kabla ya kuanzisha chochote ataonekana mzito.

Kwenye ulinzi, chukua shambulizi moja na ulitazame kama saa inavyokatika. Mpira uko upande wa kulia, kijana wako yuko kushoto. Mguu wake mmoja uko ndani ya eneo la rangi chini ya kikapu, mikono imefunguka, anamwona mtu wake na mpira kwa pamoja: vizuri. Mpira unaruka kwenda kwa mtu wake. Anaukimbilia mpira ukiwa bado hewani, au anangoja udakwe? Hatua mbili za mwisho anazifupisha, au anapaa na kupitwa? Akipitwa, anageuza nyonga na kukimbilia ubavuni, au anamwangalia mwenzake kwa lawama? Mtupo ukipigwa, anatafuta mwili wa kuzuia au anatazama mpira angani? Mashambulizi 10 ya namna hiyo yatakufundisha kuliko jedwali zima la takwimu.

Takwimu, kwa kiasi

Mechi ya sekondari ni dakika 32, kwa hiyo geuza kila kitu kiwe kwa dakika 32 kabla ya kulinganisha. Ufanisi wa mitupo hupatikana hivi: mitupo iliyoingia, jumlisha nusu ya ile ya pointi tatu iliyoingia, gawa kwa mitupo yote ya uwanjani. Aliyepiga 20 akafunga 9, tatu kati yake zikiwa za mbali, ana 10.5 kwa 20, yaani asilimia 52.5. Linganisha asisti, yaani pasi zilizozaa kikapu, na mipira aliyopoteza. Kisha rudia hesabu zote kwa mechi za wapinzani wagumu peke yake. Hapo ndipo wengi hushuka, na wachache hubaki palepale. Hao wachache ndio unaowatafuta.

Tabia

Nenda kwenye mechi mbaya. Bob McKillop, aliyekuwa kocha wa chuo cha Davidson, alimwona Stephen Curry, ambaye baadaye alikuja kuwa nyota wa NBA, akicheza vibaya sana kwenye mechi ya majira ya joto, akipoteza mipira na kukosa mitupo, lakini hakulaumu mwamuzi wala mwenzake, na alipokaa benchi alikuwa akiwashangilia wenziwe. Vyuo vikubwa vilimwona mdogo na mwembamba. McKillop akamchukua.

Nawe tazama benchi. Akitolewa, anakaa wapi? Kocha akizungumza, anamtazama usoni? Mwamuzi akikosea, anachukua sekunde ngapi kurudi kukaba? Usimuulize kocha wake peke yake, kwani naye anamtakia kijana wake mema. Muulize mwalimu wa darasani, kocha wa timu pinzani, na anayefungua ukumbi asubuhi.

Karatasi za shule

Wengi huliacha hili mwisho, kisha hugundua wamepoteza mwaka. Divisheni I inadai masomo ya msingi 16 na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4.0 katika masomo hayo. Divisheni II inadai 2.2. Kwa Divisheni I, masomo 10 kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba (mwanzo wa mwaka wa nne wa sekondari), na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Muhula wa saba ukianza, alama za masomo hayo 10 zimefungwa, hayarudiwi. Mitihani ya SAT na ACT haidaiwi tena na NCAA tangu Januari 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuitaka. Omba ripoti ya alama kijana akiwa mwaka wa pili wa sekondari, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Ripoti

Iandike usiku uleule, ukurasa mmoja. Anza na kazi atakayofanya: "anakaba gadi wa aina zote mbili, anatupa kutoka kona, hadundi mpira". Fuata na vipimo ulivyochukua mwenyewe, ukivitenga na ulivyoambiwa. Weka vitu viwili vitakavyovuka na kimoja kinachokutia shaka, na useme ungebadilisha mawazo ukiona nini. Usiandike "ana kipaji". Neno hilo halimsaidii kocha kuamua.

Usitoe uamuzi kwa mechi moja. Mwone mara 3, zikipita angalau miezi 4 kati ya ya kwanza na ya mwisho, na usifungue ripoti ya kwanza mpaka umeandika ya tatu. Ziweke mezani pamoja, kisha utazame kile kilichokutia shaka mara ya kwanza. Kama amekishughulikia bila kuambiwa na mtu, mpigie kocha simu asubuhi.