Kabla Hujabonyeza Kitufe Chekundu: Kuiandaa Kompyuta kwa Kurekodi Muziki Nyumbani

Mwimbaji amekwisha fika, koo limepata moto, maiki iko mbele yake, na wewe umeinamia skrini ukitafuta kwa nini sauti haiingii. Dakika kumi zinapita, kisha ishirini. Utakapolipata tatizo, ile hamu aliyokuja nayo itakuwa imemtoka, na utakachorekodi ni sauti ya mtu aliyechoka kusubiri. Kwa hiyo haya yote ninayoyaeleza ni kazi ya jana yake, ukiwa peke yako na huna haraka.

Kompyuta ikianza kukwaruza sauti, wengi huamini dawa ni kununua nyingine yenye nguvu zaidi. Mara chache ndivyo ilivyo. Kurekodi maiki mbili au tatu ni kazi nyepesi. Mashine ya kawaida yenye RAM ya GB 8 huimudu. Kinachoielemea ni ala za ndani ya kompyuta zenye maktaba kubwa za sauti, pamoja na plagini (programu ndogo za kubadili sauti) zilizorundikwa kila traki, yaani kila mstari wa sauti uliorekodiwa. Ukifanya kazi ya namna hiyo, GB 16 na diski ya SSD ni fedha iliyotumika vizuri. Lakini kwa kumrekodi mtu na gitaa lake, ubaya karibu kila mara hutoka kwenye kitu kidogo kilichokaa vibaya njiani. Na njia yenyewe ni fupi: maiki, waya, intafesi (kisanduku kinachogeuza sauti ya maiki iwe data ya kompyuta), draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa), programu ya kurekodi, kisha kurudi kwenye hedifoni. Ikariri. Siku mambo yakigoma utajiuliza swali moja tu: sauti imefika kituo gani, na imekwamia wapi?

Anza na draiva. Kwenye Windows, draiva ya kawaida ya mfumo imetengenezwa kwa ajili ya filamu na simu za video, ambako kuchelewa kidogo hakumuumizi mtu. Wanamuziki hutumia ASIO, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Steinberg mwaka 1997, ambao huipa programu ya muziki njia ya mkato hadi kwenye intafesi. Pakua draiva ya mtengenezaji wa intafesi yako, na soma maelekezo yake kabla ya kuchomeka waya, maana baadhi hutaka draiva itangulie, kifaa kifuate. ASIO4ALL ni mkongojo mzuri kwa asiye na intafesi, ila ukiwa na draiva halisi usiutegemee. Wenye macOS wamerahisishiwa: Core Audio imo tayari ndani ya mfumo, na intafesi nyingi hufanya kazi papo hapo zikichomekwa.

Draiva sahihi haimaanishi kwamba programu inasikiliza maiki sahihi. Nimewahi kurekodi wimbo mzima, nikausifia hata mwangwi wake, kabla sijagundua kwamba nilikuwa natumia kile kitundu cha maiki kilichomo kwenye laptopu. Maiki niliyoitegesha kwa uangalifu ilisimama tu kama pambo. Tangu siku hiyo nina kipimo changu: naikwaruza maiki taratibu kwa ukucha, kisha nakwaruza mwili wa laptopu. Mshale wa programu unaopima sauti ukiruka zaidi kwa laptopu, najua nimepotea njia.

Kuna na hili la ruhusa, ambalo huwachanganya hata wazoefu. Tangu macOS Mojave ya mwaka 2018, programu haiwezi kuisikia maiki mpaka uiruhusu, na Windows 10 pia ina swichi yake kwenye mipangilio ya faragha. Ruhusa ikikosekana, mara nyingi hakuna onyo lolote. Programu hurekodi kwa utulivu kabisa, na unachopata ni mstari ulionyooka kama kamba. Intafesi inawaka taa ya kijani ikionyesha sauti inaingia, programu iko kimya: hapo angalia ruhusa kabla hujagusa waya.

Jambo linalofuata ni kasi ya sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde kompyuta huipima sauti. CD hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde. Kazi za video hutumia 48,000. Zote mbili zinatosha sikio la binadamu, na sioni haja ya mtu wa nyumbani kupanda hadi 96,000, ambako mafaili yanakuwa makubwa maradufu na prosesa inabanwa kwa faida ndogo sana. Muhimu ni kuchagua moja mwanzoni na kuhakikisha programu, intafesi na mfumo wa kompyuta vyote vinakubaliana. Faili la 44,100 likipigwa kama la 48,000 hukimbia kwa karibu asilimia 9, na sauti hupanda karibu nusu-toni moja na nusu. Ukisikia mwimbaji wako amegeuka mtoto, usiisingizie maiki. Kina cha biti, yaani usahihi wa kila kipimo, weka 24, na hilo halihitaji mjadala.

Sasa tufike kwenye kuchelewa kwa sauti, ambako ndiko watu wengi hukata tamaa.

Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Inaijaza kwenye ndoo, ndoo ikijaa inaimimina, kisha inajaza nyingine. Ndoo hiyo ndiyo bafa. Bafa ya sampuli 128 kwenye kasi ya 48,000 hujaa kwa milisekunde 2.7, ya sampuli 1,024 huchukua milisekunde 21.3. Sauti hupita kwenye ndoo ikiingia na tena ikitoka, na intafesi yenyewe ina ucheleweshaji wake mdogo, kwa hiyo hesabu angalau mara mbili na ushee. Ukitumia ndoo kubwa, mwimbaji anajisikia akiwa nyuma ya wimbo. Ukitumia ndogo mno, kompyuta inakimbizana na kazi yake. Ikichelewa kumimina hata mara moja tu, unasikia tik.

Milisekunde ngapi zinavumilika? Hewani sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika. Mpiga gitaa wa jukwaani amezoea umbali huo na wala hataona kitu. Mwimbaji ni habari nyingine. Yeye anaisikia sauti yake kupitia mifupa ya kichwa papo hapo, halafu anaisikia tena kwenye hedifoni, na hata tofauti ndogo humfanya aione sauti yake ya ajabu, nyembamba, asiyoitambua. Atalalamika kwamba hedifoni ni mbaya. Zitakuwa hazina kosa. Hedifoni za Bluetooth ndizo usizifikirie kabisa kwa kazi hii, maana kuchelewa kwake mara nyingi hupita milisekunde 100.

Kwa mwimbaji, dawa bora haiko hata ndani ya kompyuta. Intafesi nyingi zina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kinachopeleka sauti ya maiki kwenye hedifoni kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kiwashe, kisha zima usikilizaji wa traki hiyo ndani ya programu. Usiposahau hatua ya kwanza utasahau ya pili, na hapo mwimbaji atajisikia mara mbili, kama anayeimbia ndani ya bomba. Kwa mpiga kinanda anayetumia sauti za kompyuta njia hii haifai, kwa sababu sauti yenyewe huzaliwa ndani ya programu. Kwake shusha bafa hadi 128 au 64 wakati wa kurekodi, uipandishe hadi 1,024 wakati wa kuchanganya traki.

Na ile tik isiyokwisha hata bafa ikiwa kubwa? Hapo kuna kitu kingine kinachomkatiza prosesa kazini. Kwenye Windows ipo programu ya bure iitwayo LatencyMon. Iache iendeshe kwa dakika kadhaa nayo itakutajia draiva inayochelewesha wengine. Mtuhumiwa wa kwanza kwa kawaida ni waifai. Izime ujaribu. Kisha badili mpango wa umeme uwe wa utendaji wa juu, zuia mfumo usizilaze bandari za USB, na zuia kompyuta isilale. Ahirisha masasisho, funga kivinjari. Laptopu ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo usiiweke juu ya mto au kitambaa kinachoziba matundu ya hewa. Tafadhali badili kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadili vitano kwa pamoja na tik ikatoweka, hujui kilichokuponya, na ikirudi wiki ijayo utaanza upya.

Mvumo mzito unaosikika mfululizo una asili tofauti. Ni umeme wa ukutani, wa hezi 50 au 60 kutegemea nchi, umepenya kwenye waya. Chomoa chaja ya laptopu, utumie betri. Mvumo ukikatika, mkosaji umempata: vifaa vyako vimeunganishwa na ardhi ya umeme kwa njia zaidi ya moja. Chomeka vyote kwenye kigawio kimoja cha umeme, tumia waya zenye ulinganifu, yaani za XLR au jeki yenye pete mbili nyeusi, na rekodi kwa betri ikibidi. Kuna watu hukata ule mguu wa ardhi kwenye plagi ya chaja ili mvumo ukome. Usifanye hivyo hata siku moja; mguu huo ndio unaokulinda usipigwe na umeme kifaa kikiharibika.

Intafesi ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawio cha USB kisicho na umeme wake. Maiki za kondensa hudai volti 48 kutoka kwenye intafesi, nayo intafesi huzitoa kutoka kwenye ile USB, kwa hiyo bandari dhaifu huzaa maiki yenye kelele au kifaa kinachokatika katikati ya ubeti. Gitaa la umeme nalo lina mpangilio wake: bonyeza swichi iliyoandikwa Inst, yaani ala, la sivyo litasikika limefifia kama limefunikwa blanketi.

Kuhusu kiwango cha sauti, sahau mazoea ya zamani ya kusukuma mshale mpaka ukaribie nyekundu. Biti 24 zina nafasi kubwa kiasi kwamba vilele vya desibeli 12 chini ya sifuri (kikomo ambacho sauti hupasuka) ni salama na safi. Mwombe mwimbaji aimbe sehemu yake ya juu kabisa, upime hapo, kisha punguza kidogo zaidi, kwa sababu kila mtu huimba kwa nguvu zaidi kurekodi kukianza. Sauti iliyopasuka haina plagini ya kuirudisha ilivyokuwa.

Feni ya kompyuta ni kelele ambayo sikio lako limeshaizoea lakini maiki haijaizoea. Maiki nyingi za nyumbani husikia mbele na kuziba nyuma, kwa hiyo elekeza mgongo wake kwenye kompyuta, halafu iweke kompyuta mbali kadiri waya unavyoruhusu.

Nafasi ya diski ihesabu mapema. Traki moja ya mono (ya chaneli moja) kwenye biti 24 na 48,000 hula baiti 144,000 kwa sekunde, ambazo ni kama MB 8.6 kwa dakika. Traki kumi za wimbo wa dakika tano ni MB 432, na bado hujarudia ubeti wa pili mara kumi na mbili. Hifadhi kazi kwenye folda ya kawaida, usiielekeze kwenye folda inayojipakia mtandaoni papo hapo, kwani programu hizo za kupakia hupenda kulishika faili wakati wewe unaliandika. Nakala zipakie jioni, ukishamaliza, na nyingine iwe kwenye diski ya nje.

Mfumo wa kompyuta usiusasishe katikati ya albamu. Apple walipohamia kwenye chipu zao wenyewe mwaka 2020, plagini nyingi za enzi ya Intel zililazimika kupitia mkalimani, Rosetta 2, mpaka watengenezaji walipozisasisha. Mabadiliko madogo kuliko hayo yanatosha kuufanya mradi ufunguke huku nusu ya plagini zimepotea. Subiri wimbo uishe, tengeneza nakala, ndipo usasishe.

Mwisho wa maandalizi fanya mazoezi kamili. Washa kila kitu kama kitakavyokuwa kesho: maiki ileile, hedifoni zilezile, chaja ikiwa imechomekwa kama itachomekwa, bafa ileile. Bonyeza kitufe chekundu, rekodi dakika ishirini za chumba kitupu pamoja na wewe ukiimba vibaya hapa na pale, kisha vaa hedifoni usikilize zote, bila kuruka. Mipangilio ikikaa sawa ihifadhi kama kiolezo. Na ukisikia tik kwenye dakika ya kumi na saba, bado una usiku mzima wa kuitafuta.