Kupanga dakika mbili za mwanzo wa filamu ya taharuki (na kwa nini uangalie mwezi kabla ya kukodi kamera)

Mpwa wangu anasoma stashahada ya utayarishaji wa filamu hapa Dar. Juzi juzi alikuja nyumbani na karatasi ya kazi: kundi la watu wanne, wiki tatu, ufunguzi wa filamu ya taharuki usiozidi dakika mbili, majina ya washiriki yaonekane ndani yake. Juu ya hapo kuna faili la utafiti na mipango, ambalo lina alama nyingi kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Mimi napiga video za harusi na kuediti, si mwalimu. Ila aliniita "Mjomba" kwa ile sauti, nikajua mwisho wa wiki umeshaondoka. Kumbe zilikuwa wiki zote tatu.

Naandika tulivyofanya. Kuna hatua nitazipita haraka kwa sababu mtu yeyote mwenye simu anazijua. Kuna moja nitakaa nayo, kwa kuwa ilitugharimu Jumapili nzima na hela ya kamera ya kukodi.

Hatua ya 1: Tofautisha taharuki na kitisho

Wazo lao la kwanza lilikuwa msichana anakimbizwa usiku na mtu mwenye kisu. Nikauliza: huyo mtu ni nani? Kimya. Msichana je, ni nani? Kimya tena. Hapo hakuna taharuki, kuna mbio tu.

Taharuki tumefundishwa sote kwenye fasihi: ile hali ya msomaji kutaka kujua kitakachofuata. Ili atake kujua, lazima kwanza umpe kitu mkononi. Mfano ninaoupenda ni Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka 1958. Mtu anategesha bomu la saa na kulificha kwenye buti la gari. Wenye gari wanapanda na kuondoka, kamera inawafuata barabarani kwa zaidi ya dakika tatu bila kukata hata mara moja. Watu wanapita, wanazungumza, hakuna anayekimbia. Lakini wewe huwezi kuacha kuliangalia lile gari, kwa sababu unajua wasichokijua wao.

Hatua ya 2: Tazama mianzo mitano, na uihesabu

Mitano inatosha. Ukiandika kumi utaishia kunakili maelezo ya mtandaoni, na msahihishaji atakujua. Mmoja angalau uwe wa hapa kwetu. Na hapa niseme la moyoni: filamu zetu nyingi zinaanza na gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaegeshwa, mtu anashuka, anasalimia dada wa kazi, anakaa sebuleni. Dakika nzima imekwenda. Zitazame hizo pia, zitakufundisha kwa upande wa pili.

Mara ya kwanza tazama ukiwa umezima sauti. Mara ya pili isikilize sauti peke yake, umegeukia ukuta. Mara ya tatu shika daftari, uchore safu nne: shoti (kipande kimoja cha picha bila kukata) ina sekunde ngapi, mtu ameonekana kwa ukaribu gani, nimejua nini kipya, sasa nataka kujua nini. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Ukikuta shoti tatu mfululizo hazina kitu kwenye safu hiyo, hapo ndipo ulipopiga miayo.

Tumia daftari la kawaida, nakuomba. Vijana walitaka jedwali la kwenye simu, kila mmoja akawa anatazama jedwali badala ya filamu.

Hatua ya 3: Sentensi moja

Tulikaa jioni mbili mpaka tukaipata: *Msichana anafuata nyayo za mtu ufukweni asubuhi, nyayo zinaingia baharini, na hakuna zinazorudi.* Karibu na maji kuna kanga imekunjwa vizuri, jina lake linasomeka: Kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya kanga simu inaanza kuita. Skrini inaonyesha jina la msichana mwenyewe. Giza, jina la filamu.

Mimi niliona ile methali inasema mno, tukabishana. Mpwa wangu akasema mtazamaji Mswahili akisoma jina la kanga anaanza palepale kuwashuku watu wa karibu, na hilo ndilo tunalolitaka. Akashinda.

Hatua ya 4: Dodoso

Karatasi ya kazi inataka utafiti wa watazamaji, basi fanya. Maswali matano kwa watu ishirini. Usiulize "unapenda filamu za taharuki?", kila mtu atasema ndiyo. Wasomee ile sentensi yako moja, halafu uliza: unadhani nini kimetokea? Majibu yakifanana yote, hadithi yako inatabirika.

Hatua ya 5: Kukagua lokesheni

Vuta kiti.

Tulichagua Bagamoyo. Ufuo ni mpana, mikoko ipo, na si mbali na Dar. Tukaenda kukagua Jumapili, saa 4 asubuhi. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa, mchanga umelowa, mgumu, ukikanyaga unyayo unabaki kama muhuri. Tukapiga picha kwa simu, tukachagua pembe, tukarudi mjini tunacheka.

Jumapili iliyofuata tukafika saa ileile na kamera ya kukodi. Hakuna ufuo. Maji yamejaa, kilichobaki ni ukanda wa mchanga mkavu juu, ule ambao ukikanyaga unafukia mguu na kuacha shimo lisilo na umbo. Tukangoja. Saa 6 jua limesimama utosini, mchanga umeanza kutoka kidogo kidogo, lakini kwa jua la utosini unyayo hauna kivuli, hauonekani kwenye kamera. Saa 9 tukafunga mizigo. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu alitutazama siku nzima bila neno. Tulipokwenda kumuaga akasema, "Wanangu, mngeniuliza."

Alichotueleza ni hiki, na ndicho nataka ukinakili:

Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na kitu. Kila siku nyakati hizo zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Zidisha kwa siku saba: karibu saa sita. Maana yake, ukikagua ufuo leo ukarudi baada ya wiki moja saa ileile, utakuta kinyume cha ulichokiona. Sisi tulichagua, bila kujua, siku mbaya kuliko zote.

Pili, bamvua na maji mafu. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi mpevu, maji yanajaa sana na kukupwa sana; pwani hii tofauti inaweza kupita mita 3. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu sana. Kukagua tulikwenda wakati wa bamvua, kushuti tukaenda maji mafu.

Tatu, na hili lilinishangaza mimi niliyekulia Dar: kwa sehemu moja ya pwani, bamvua hujaa karibu saa zilezile kila inaporudi. Kwetu huku ni kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, kupwa ni kama saa 4. Kwa hiyo huwezi kupata bamvua iliyokupwa kabisa pamoja na mwanga wa magharibi. Haipo. Vijana walikuwa wameandika kwenye skripti "jua linazama baharini". Nikawauliza, Bagamoyo jua linazamia wapi? Pwani yetu inatazama mashariki! Jua linachomoza baharini na kuzamia nyuma yako, kwenye minazi. Ile picha waliitoa kwenye filamu za California.

Basi tukapanga upya, na mpango mpya ukawa mzuri kuliko wa kwanza. Bamvua ikijaa saa 10 alfajiri, maji yanafuta nyayo zote za jana, za watu na za mbwa. Kufikia saa 1 asubuhi yameshaanza kurudi, yameacha mchanga laini ambao hakuna aliyeukanyaga. Wakati huohuo jua limetoka sasa hivi, liko chini, linapiga mchanga kwa ubavu, na kila unyayo unajaa kivuli. Una kama saa moja na nusu kabla jua halijapanda. Tukahesabu siku kumi na nne kutoka ile Jumapili ya kwanza.

Majedwali ya maji yapo mtandaoni. Tafuta la Dar es Salaam au la Zanzibar, Bagamoyo haitofautiani sana nayo. Ila angalia: yanaandikwa kwa saa za kizungu. 04:10 ni saa 10 na dakika 10 alfajiri. Na ukishapata jibu la jedwali, kamuulize mvuvi. Usianze na programu za simu zinazochora mstari wa jua. Zinakuonyesha jua liko wapi, hazikuambii kama utakuwa umesimama kwenye maji ya magoti.

Mengine ya ufukweni, kwa haraka. Nyayo hazirudiwi: ukikosea shoti, eneo lile limekufa. Pangeni kusogea upande mmoja tu, kila jaribio kwenye mchanga mpya, na kundi lote litembee upande wa nchi kavu, nyuma ya kamera. Anza na shoti pana. Anayetengeneza nyayo awe mtu mmoja, peku. Nyayo zetu za kwanza tuligundua zinakata kona kwa sababu jamaa alikuwa anaongea na simu. Upepo utakula sauti yote, wa kusi au wa kaskazi, hata maiki ikiwa na sponji. Rekodi mawimbi peke yake dakika mbili, rekodi mlio wa simu nyumbani chumbani, uunganishe wakati wa kuediti.

Hatua ya 6: Vibali na majirani

Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na upigaji filamu unahitaji kibali. Mwambie mwalimu mapema chuo kiandike barua, uulize Bodi ya Filamu wanataka nini kwa kazi ya wanafunzi. Barua hiyohiyo ipeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kama mko karibu na mwalo wa samaki, waone viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Sisi tulisogea mbali na soko la samaki, kwa sababu ya watu na kwa sababu ya nyayo. Droni isahau, ina vibali vyake.

Jambo moja silitanii. Msifanye mazoezi ya kukimbizana mtaani, na neno "Mwizi!" lisipigwe kelele hadharani hata mara moja, hata kama kamera inaonekana. Watu hawasubiri kuuliza. Kama skripti inalo neno hilo, lirekodini ndani ya chumba.

Hatua ya 7: Skripti na storibodi

Ukurasa mmoja ni dakika moja, basi kurasa mbili. Ya kwetu ilikuwa moja na robo, kwa kuwa hakuna anayeongea.

Storibodi, yaani michoro ya shoti moja moja, chora kwa penseli, watu wa vijiti wanatosha. Tulikuwa na shoti kumi na saba. Kata kila mchoro uwe karatasi peke yake, uzipange sakafuni, halafu mtu mmoja azisome kwa sauti huku mwingine ana saa ya simu. Ikipita sekunde 110, toa moja. Michoro ya kutengenezwa na kompyuta inapendeza kwenye faili lakini huwezi kuichana, na kazi yote iko kwenye kuchana.

Hatua ya 8: Majina

Amueni sasa majina yatakaa juu ya shoti zipi, acheni nafasi tupu kwenye fremu. Msiyatupie mwishoni. Ile Touch of Evil, studio ilibandika majina na muziki juu ya shoti ya bomu, Welles hakupenda. Aliandika waraka wa kurasa 58 kuhusu mabadiliko aliyoyataka, na mwaka 1998 filamu ikaeditiwa upya kwa kuufuata, majina yakaondolewa pale. Sisi majina tuliyaweka kwenye shoti tatu za bahari tupu, kabla ya unyayo wa kwanza. Ukishaonekana unyayo, hakuna maandishi tena mpaka kanga.

Hatua ya 9: Ratiba

Andika saa za Kiswahili, kwa maneno: "saa moja asubuhi". Walijaza fomu ya ratiba ya kupakua mtandaoni, ikaandika 7:00, na msichana wetu mkuu akauliza kwenye kundi la WhatsApp kama aje baada ya chakula cha mchana. Kwa saa moja asubuhi Bagamoyo, mnalala Bagamoyo. Weka vyumba kwenye bajeti. Weka pia betri mbili, kitambaa cha lenzi, kanga mbili zinazofanana kwa sababu moja italowa, na nauli ya kurudi isiyoguswa.

Kwenye faili, mpwa wangu aliweka picha mbili za simu ukurasa mmoja: mahali palepale, saa ileile, wiki moja kati yake, moja mchanga na moja maji. Chini yake hesabu ya dakika 50 mara saba, kwa penseli.