Mtoto kachukua gari bila ruhusa, kagonga: ufanye nini usiku huo

Kabla hata sijakuuliza gari liko wapi, nakwambia hili: usiende kituoni ukasema wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani. Mimi ni wakala wa bima hapa Ngamiani, na nawajua baba zetu wa Tanga. Akipigiwa simu usiku kwamba mwanawe wa miaka 16 kagonga bodaboda kule Raskazone, wazo la kwanza ni kumbebea. Usimbebee. Waliokuwapo wamemwona dereva, na mwenye simu kashapiga picha. Kumdanganya polisi ni kosa lako wewe, mbali na la mtoto. Ukiurudia uongo huo kwenye fomu ya madai, kampuni imepata sababu ya kutokulipa.

Majeruhi kwanza. Apelekwe hospitali ya Bombo, ndugu mwingine afuate PF3 polisi, ile fomu ya matibabu ya majeruhi. Gari liache lilivyo mpaka trafiki waje wapime. Piga picha namba za vyombo vyote, alama za matairi, vioo vilivyovunjika, na uchukue simu za mashahidi. Na mtoto asipelekwe kujificha kwa shangazi yake Muheza, maana atatafutwa tu, na wewe utaulizwa nani alimpa nauli.

Akihojiwa, uwe naye. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Shauri lake huenda Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii huhusishwa, wala hahukumiwi kifungo cha jela. Lakini kosa analo: leseni ya gari haitolewi kwa wa umri wake, na ameendesha bila leseni.

Sasa tuje kwenye hiyo "bila ruhusa", maana hapo ndipo watu wanapojikwaa. Kama ulimruhusu, kosa ni lako pia: mwenye gari hapaswi kumwachia asiye na leseni. Kama hukumruhusu, ujue utaulizwa. Ufunguo ulikuwa wapi? Amewahi kuendesha? Nani alimfundisha? Ukiandika "alichukua bila mimi kujua", kisha jirani akasema kila Jumapili humwona akilitoa gari uani kwenda kuliosha, maelezo yako yameanguka. Kumwona ukanyamaza kunaweza kuhesabiwa ruhusa. Hata kama kweli hukujua, aliyeumia anaweza kudai mahakamani kwamba ulizembea, ufunguo umeutundika kwenye msumari wa sebuleni na kijana ameshajaribu mara ya kwanza. Kwa hiyo uondoe hapo, ulale nao chumbani. Na ule wa akiba uliousahau kwenye kabati la vyombo, yeye hajausahau.

Kampuni ya bima uipe taarifa lini? Asubuhi yake, kwa maandishi, ukieleza yaliyotokea kama yalivyotokea. Bima ndogo ni ya mtu wa tatu, yaani yule aliyegongwa. Bima kubwa inagusa na gari lako. Ila mikataba ninayouza ina sharti la dereva mwenye leseni halali, kwa hiyo bampa na taa za gari lako weka kwenye hesabu ya hasara. Kwa yule aliyegongwa, kampuni inaweza kumlipa halafu ikageuka kukudai wewe. Wateja wengi hawalijui hilo mpaka barua ya madai iwafikie.

Halafu kuna kuyamaliza kiungwana. Nenda ukamwone majeruhi, nenda na wazee, peleka mkono wa pole, lipa dawa. Huo ni utu na hakuna anayekukataza. Ila usitie saini karatasi inayosema "nakubali kosa na nitalipa kila kitu" kabla kampuni haijajua, maana mkataba wako huenda unakataza kukiri kwa niaba yao. Na msidanganyane kwamba mkipatana kesi ya polisi imekufa. Uamuzi huo si wenu. Kila unachotoa kiandikwe: tarehe, kiasi, ni cha nini, saini za pande mbili na shahidi, mjumbe wa serikali ya mtaa akiwepo ni bora zaidi. Nakala moja niletee ofisini pamoja na ripoti ya polisi.