Somo: Kuomba nafasi ya solisita mwanagenzi England, na kukusanya uzoefu utakaohesabiwa

Habari zenu wakuu.

Kila mwaka majani yakianza kupukutika huku, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Kaka, nimemaliza digrii ya sheria, nimetuma maombi 40, sijaitwa hata usaili mmoja." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika somo hili. Linahusu England na Wales tu. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Kwetu wakili ni wakili: anakusikiliza ofisini, na siku ya kesi anasimama mwenyewe mahakamani. Huku kazi imegawanywa. Solisita ndiye anayekaa na mteja, anaandika barua na mikataba na kuendesha jalada. Barista (si yule wa kahawa, ingawa wapo waliouza kahawa wakisubiri nafasi) kazi yake kubwa ni kusimama mbele ya hakimu. Somo letu ni la solisita.

HATUA YA 1: Jua milango yote kabla ya kupiga hodi

Zamani mlango mkuu ulikuwa mmoja. Unamaliza digrii, unasoma LPC, yaani kozi ya sheria kwa vitendo, halafu unahangaika kupata kampuni ya kukupa mkataba wa mafunzo wa miaka 2. Watu walikopa maelfu ya pauni kulipia LPC, mkataba wakaukosa, wakabaki na cheti na deni.

Tarehe 1 Septemba 2021 mfumo mpya ulianza. Sasa SRA, mamlaka inayosimamia masolisita, inataka mambo manne: digrii ya fani yoyote au sifa inayolingana nayo; kufaulu SQE1 na SQE2, yaani sehemu mbili za mtihani wa kuwa solisita; miaka 2 ya uzoefu wa kazi unaotambulika, ambao kila mtu huku anauita QWE; na uwe mtu mwenye tabia na uadilifu unaofaa.

Mkataba wa mafunzo bado upo, na ukiupata shukuru, kwa sababu kampuni kubwa kwa kawaida hukulipia mitihani na kozi, na mshahara juu. Lakini si lazima tena. Miaka yako 2 ya QWE unaweza kuikusanya sehemu hadi 4 tofauti, kwa kulipwa au kwa kujitolea, kabla ya mitihani au baada yake.

Kuhusu mitihani nitapita haraka. SQE1 ni maswali 360 ya kuchagua jibu, karatasi mbili za maswali 180 kila moja. SQE2 ni kazi 16, 12 za kuandika na 4 za mdomo. Una nafasi 3 za kujaribu kila mtihani ndani ya miaka 6. Ada ya mitihani yote miwili ni kama pauni 5,000, na hapo hujalipia kozi ya kujiandaa. Ndiyo maana nasema usikimbilie kulipa kabla hujajua uzoefu utaupata wapi.

HATUA YA 2: Ukitaka mkataba wa mafunzo, fuata kalenda yao

Kampuni kubwa za London huajiri miaka 2 kabla ya siku ya kuanza kazi. Wengi wetu tunalijua hili tukiwa tumeshachelewa. Mwanafunzi wa sheria anapaswa kuanza kuomba mwaka wa pili, na aliyesoma fani nyingine mwaka wa mwisho. Madirisha mengi ya maombi hufunguliwa Septemba na Oktoba na kufungwa kati ya Desemba na Januari. Baadhi ya kampuni husoma maombi kadiri yanavyoingia, kwa hiyo anayetuma siku ya mwisho anakuta viti vimeshakaliwa.

Usiyadharau mafunzo ya likizo ya wiki moja hadi nne. Kwa jina ni mafunzo, lakini kwa kweli ni usaili mrefu: wanakutazama unavyoandika, unavyouliza, hata unavyokula na wenzako. Kabla ya hapo wengi watakupa jaribio la Watson Glaser, linalopima kama unaweza kutofautisha kilichoandikwa na unachokidhania wewe. Lifanyie mazoezi. Sisi tuliozoea kusoma kati ya mistari, jaribio hili hutuangusha sana.

Sasa turudi kwa yule wa maombi 40. Nilimwomba anitumie matatu. Yote yalikuwa na aya hii, kampuni tu ndiyo iliyobadilika jina:

"Mimi ni mchapakazi mwenye ari ya kujifunza, na ningependa kufanya kazi katika kampuni yenu yenye sifa kubwa."

Nikamuuliza, kwani kwenye kliniki ya sheria ya chuo, pale wanafunzi wanaposaidia watu wenye shida za kisheria, ulikuwa unafanya nini? Akanieleza kwa dakika 20, hadi nikashangaa. Tukaandika upya:

"Kwa miezi 5 katika kliniki ya sheria ya chuo nilihoji wapangaji 11 nikisimamiwa na solisita. Kwa mmoja, ambaye chumba chake kilikuwa na ukungu, niliandika rasimu ya barua kwa mwenye nyumba nikitumia kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985. Matengenezo yalianza wiki 3 baadaye. Nilijifunza kumuuliza mteja tarehe kabla ya kumwahidi chochote."

Mtu ni yule yule na kazi ni ile ile. Kutoka maombi 40 akashuka hadi 8, kila moja likiwa na sababu ya kwa nini kampuni hii na si ya jirani yake. Aliitwa usaili mara 3.

HATUA YA 3: Kampuni ndogo hazitangazi, zifuate

Ofisi ya masolisita watatu iliyo juu ya duka la simu haina idara ya kuajiri. Ina mama mmoja wa mapokezi na majalada yaliyofika darini. Hawa huajiri wanapozidiwa, na humwajiri yule ambaye barua yake iko karibu.

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mtu mwenye jina. Jina utalipata kwenye tovuti ya ofisi, kisha ulihakikishe kwenye daftari la masolisita la SRA, ambalo liko wazi kwa kila mtu. Sema unaweza kufanya nini kuanzia Jumatatu: kupanga nyaraka za mahakamani, kuandika mtiririko wa matukio kwa tarehe, kupokea simu za wateja kwa Kiswahili. Usiombe mkataba wa mafunzo kwenye barua ya kwanza. Omba kazi ya msaidizi wa kisheria, au hata siku mbili kwa wiki. Mimi niliingia hivyo, na barua niliipeleka kwa mkono.

HATUA YA 4: Chagua uzoefu unaohesabika

Kanuni ni hii: lazima uwe unashiriki kutoa huduma ya kisheria, na kazi ikupe nafasi ya kukuza angalau stadi 2 kati ya zile ambazo SRA inazitaka kwa solisita. Kukaa pembeni ukimtazama mtu akifanya kazi hakuhesabiwi. Mazoezi ya kuigiza darasani hayahesabiwi. Kutoa kopi kutwa nzima, jibu unalo mwenyewe.

Vinavyoweza kuhesabiwa ni kliniki za sheria za vyuo, vituo vya sheria vya mitaani, kazi ya msaidizi wa kisheria, idara ya sheria ya halmashauri au ya kampuni, na kujitolea Citizens Advice, shirika linalowapa watu ushauri bure. Hapo pa mwisho tahadhari, kwani si kila tawi lina solisita. Uliza siku ya kwanza, bila aibu: "Nani hapa ataweza kuthibitisha QWE yangu?" Wakianza kutazamana, jua kazi unayo.

HATUA YA 5: Daftari na sahihi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Anayethibitisha QWE ni solisita wa England na Wales, au yule afisa wa ofisi anayesimamia utii wa kanuni, COLP. Solisita huyo si lazima awe na leseni hai ya kufanya kazi. Hathibitishi kwamba wewe ni hodari. Anathibitisha mambo matatu tu: muda uliofanya kazi, kwamba ulipata nafasi ya kukuza stadi hizo, na kwamba hakuna jambo lililojitokeza la kutia shaka tabia yako.

Ofisi yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja, nilikaa miezi 8. Solisita wangu alikuwa mtu mwema, kila nikimkumbusha ananiambia, "Tutasaini mwisho." Mwisho ukafika kabla yangu: siku moja ya Ijumaa akahama, na mimi sikupata hata namba yake. Aliyekuja hakuwahi kuiona kazi yangu na hakutaka kuweka sahihi kwa jambo asilolijua. Kumlaumu siwezi. Nilimsaka yule wa kwanza kwa miezi 4. Nilipompata, naye hakukumbuka. Kilichoniokoa ni daftari. Lakini daftari lenyewe nilianza kuandika mwezi wa nne, kwa hiyo alisaini miezi 5, ile 3 ikaenda na maji.

Andika kila siku, mistari michache. Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi:

"Jumanne. Mteja wa pango, mama mwenye watoto 2. Nilimhoji dakika 40, solisita akiwepo. Nimeandika muhtasari na rasimu ya barua. Aya ya pili imekatwa: niliandika tarehe ya kwanza ya malalamiko kwa kukisia. Stadi: kumhoji mteja, kuandika, kukiri kosa."

Jina la mteja halimo, wala anwani. Siri ya mteja ni ya mteja hata kwenye daftari lako. Kila baada ya miezi 3 mpelekee solisita wako asome na aweke sahihi. Usingoje mwisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Mombasa: Mkuu, mimi niko kwenye shirika la msaada wa kisheria hapa nyumbani. Miaka yangu 2 inaweza kuwa QWE, au ni lazima nije huko?

Jibu: Inaweza. Sheria haisemi kazi ifanyike England. Kikwazo ni mthibitishaji: awe solisita wa England na Wales. Kama hayupo ofisini kwenu, wa nje anaruhusiwa, ila awe ameipitia kazi yako na kupata maoni ya msimamizi wako. Mtafute sasa, kabla miaka 2 haijaisha. Na ujue mitihani ya mdomo ya SQE2 hufanyika huku tu, kwa hiyo weka akiba ya nauli.

Dada wa Leicester: Nina watoto wadogo, naweza siku 2 tu kwa wiki. Nijisumbue?

Jibu: Jisumbue, dada yangu. Hesabu inalinganishwa na kazi ya muda wote, kwa hiyo siku 2 kwa wiki ni kama miaka 5. Lakini ni miaka 5 ambayo ingepita hata hivyo, na watoto wakianza shule utaongeza siku.

Mdau wa Reading: Natafsiri Kiswahili kwenye ofisi ya mawakili wa uhamiaji, mwaka wa tatu sasa. Si ni uzoefu huo?

Jibu: Ni uzoefu, ila wa ukalimani. Kutafsiri peke yake si huduma ya kisheria. Lakini umekaa mahali pazuri kuliko unavyodhani. Waombe wakupe kuandika rasimu ya maelezo ya mteja na kupanga ushahidi, chini ya solisita. Na nakuomba sana, usije ukaanza kuwashauri watu wa nyumbani mambo ya viza pembeni. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa au kusimamiwa na anayeruhusiwa ni kosa la jinai tangu sheria ya 1999, na doa la namna hiyo litakufuata hadi kwenye uchunguzi wa tabia.

Mdau wa Dar es Salaam: Shikamoo kaka. Mimi ni wakili, nina miaka 6 Mahakama Kuu. Nianze moja?

Jibu: Marahaba. Hapana, mkuu. Wakili aliyekwisha kusajiliwa kwao hadaiwi QWE. Unafanya SQE1 na SQE2, na unaweza kuomba usamehewe baadhi ukionyesha kuwa elimu na uzoefu wako vinalingana. Wanaangalia mtu mmoja mmoja, kwa hiyo kusanya barua na vyeti mapema.

Mwanafunzi, Coventry: Niko na viza ya mwanafunzi. Kwa kuwa ni kujitolea, naweza kufanya wiki nzima?

Jibu: Simama hapo hapo, mdogo wangu. Kama viza yako inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, kazi isiyolipwa nayo huhesabiwa humo. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni ukaulize kwa maandishi kabla ya kukubali.

Mdau wa Manchester: Nina miaka 41. Watanicheka?

Jibu: Kwenye SQE1 chumba changu kilikuwa na mama aliyekuja na miwani miwili, ya mbali na ya karibu. Hakuna aliyecheka, kila mtu alikuwa na maswali yake 180.

Dada wa Leicester tena: Hilo daftari lako ni la kawaida, au kuna programu?

Jibu: La kawaida, la kurasa 96, la duka la bei chee. La tatu nililisahau kwenye basi namba 25 pale Stratford na sikuliona tena. Kwa kuwa halikuwa na jina la mteja hata mmoja, nililala usingizi usiku ule. Tangu hapo kila Ijumaa jioni napiga picha kurasa za wiki.